KUMBE MASHINE YA MTOTO WA JICHO ILIANZIA KWENYE KITI CHA DAKTARI WA MENO!

Wadau, hii ni stori ya jamaa mmoja wa New York, mchana daktari wa macho, usiku mpiga saksafoni. Jina liwekwe kando, kazi yake inajieleza.

Miaka ya 1960 mwanzoni, kutoa mtoto wa jicho kulitaka jicho lipasuliwe sehemu kubwa ili lenzi yenye ukungu itoke nzima. Mgonjwa analazwa siku kadhaa, kichwa kimebanwa na mifuko ya mchanga asitikisike. Jamaa alitaka tundu dogo tu. Akahangaika na vifaa vya kila aina kwenye macho ya paka, vikamgomea.

Siku moja akaenda kusafishwa meno. Kile kifaa kilikuwa kinatetemeka kwa kasi ambayo sikio haliwezi kuisikia, kinatoa ugaga huku jino limetulia tuli. Akili ikawaka hapo hapo.

Mwaka 1967 akamfanyia mtu wa kwanza. Usidhani ilikuwa mteremko! Jicho lenyewe lilikuwa tayari la kuondolewa, kuivunja lenzi kulikula zaidi ya saa moja, na matokeo yakawa mabaya. Wenzake wakamponda. Hakuacha, na baadaye tundu likashuka hadi milimita 3 hivi.

Utamu wa stori uko kwenye kile kifaa cha mkononi, kinachofanana na kalamu nene. Ncha yake ilikuwa inakwenda mbele na nyuma maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, kama nyundo ya kuvunjia zege. Tatizo, kila ikigonga inakisukuma kipande cha lenzi mbali. Daktari anaongeza nguvu, joto linapanda. Maji ya kupoza yakikatika kidogo, kidonda kwenye konea kinaungua. Halafu kuna chembe za ndani ya konea, hizo zikifa hazioti tena. Kwa hiyo kifaa kikali zaidi si lazima kiwe bora.

Vya mwanzo vilitumia sumaku, vizito na vinapata moto. Vikafuata vya fuwele zinazotanuka na kusinyaa zikipitishwa umeme, vyepesi zaidi. Mwaka 2006 mchezo ukabadilika: ncha ikaanza kujipinda kushoto na kulia. Inakata pande zote mbili, kipande hakiruki. Na inafanya kazi vizuri ikiwa imekunjwa kidogo, mkunjo alioubuni jamaa yule yule!

Sasa sikia hii. Mwaka 2007 madaktari walichapisha shindano la Nepal, wagonjwa 108: nusu kwa mashine, nusu kwa mkono kupitia mkato mdogo usioshonwa, njia inayobeba wagonjwa wengi Afrika Mashariki mpaka leo. Mashine ilichukua wastani wa dakika 15 na ushee, mkono dakika 9. Miezi 6 baadaye, asilimia 98 ya kila upande walikuwa wanaona vizuri wakipewa miwani inayowafaa.