Kutoka Kilema hadi Shirimatunda: Jimbo la Moshi likielekea miaka 75

Tarehe 25 Machi 2028 Jimbo Katoliki la Moshi litatimiza miaka 75. Jubilei ya umri huo huwa na shamrashamra zake: vitenge, kwaya zinazofanya mazoezi hadi usiku, bahasha za michango zinazopita jumuiya kwa jumuiya. Kwa waumini wa Shirimatunda, kata iliyo magharibi mwa Manispaa ya Moshi, ni nafasi pia ya kuuliza Kanisa lililoanzia mlimani lilishukaje hadi kwenye mitaa yao.

Agosti 1890 Askofu Raoul de Courmont na mapadre Alexandre Le Roy na Auguste Gommenginger, wote wa Shirika la Roho Mtakatifu, walifika Kilimanjaro baada ya safari ndefu ya miguu kutoka pwani. Mangi Fumba wa Kilema aliwapokea na kuwapa ardhi. Mwaka uliofuata Padre Gommenginger akarudi kuanzisha misheni. Kibosho ikafuata mwaka 1893, katika himaya ya Mangi Sina, kisha Rombo mwaka 1898. Misheni hizo zote zilijengwa juu, kwenye ukanda wa migomba na mifereji, kwa sababu huko ndiko watu walikoishi. Chini tambarare palikuwa pa kulima ulezi na mahindi, kulisha mifugo, kisha mtu anapanda kurudi nyumbani kabla mbu hawajaanza kazi.

Mapadre wa Kilema walipanda pia mibuni. Zao hilo lilienea mlima mzima, na kwa miongo mingi fedha ya kahawa ndiyo iliyolipa ada za shule na kununua mabati. Makanisa makubwa ya juu tunayojivunia yana jasho la mkulima wa kahawa.

Mwaka 1910 Roma iliunda Vikarieti ya Kilimanjaro chini ya Askofu Aloys Munsch. Ilipogeuka kuwa Jimbo la Moshi mwaka 1953, wakati wa Askofu Joseph Byrne kutoka Ireland, bado ilibeba Arusha na Upare. Maeneo hayo mawili yalitengwa mwaka 1963. Kabla ya hapo, mwaka 1960, Joseph Kilasara alikuwa amepokea kiti cha uaskofu, Mwafrika wa kwanza kukikalia. Walimfuata Joseph Sipendi, Amedeus Msarikie na Isaac Amani, aliyehamia Arusha kuwa Askofu Mkuu mwishoni mwa mwaka 2017. Tangu 2019 askofu ni Mhashamu Ludovick Minde.

Orodha ya maaskofu ni rahisi kuitunza. Ninaohofia watasahaulika ni makatekista. Padre mmoja alikuwa na vigango vingi na miguu miwili tu. Aliyefundisha katekesimu chini ya mti, aliyesali na mgonjwa usiku, aliyeongoza ibada Jumapili ambayo padre hakufika, alikuwa katekista, mara nyingi kwa posho isiyotosha hata sabuni. Bila yeye hakuna kigango kilichodumu.

Mji wa Moshi ulikua baada ya reli kufika kutoka Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1910. Mashamba ya juu yalipozidi kugawanywa kwa wana na wajukuu, na bei ya kahawa ilipoanguka, vijana walishuka kutafuta kazi na viwanja. Mitaa ya magharibi kama Shirimatunda ikajaa watu wa Kibosho, Machame, Uru, Marangu na Rombo, pamoja na Wapare na wengine wasio na asili ya mlima huu. Misheni za zamani ziliwakuta watu wa ukoo na mangi mmoja. Mjini, majirani walikutana wakiwa wageni.

Hapo ndipo jumuiya ndogo ndogo zilipofanya kazi kubwa kuliko jengo lolote. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walizipa kipaumbele katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976. Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajaenda kazini, familia hukutana nyumbani kwa mwenzao: viti vya plastiki, Biblia, sadaka, kisha matangazo ya nani anaumwa na nani amefiwa. Katika mtaa ambao mtu hana shangazi wala mjomba karibu, jumuiya ndiyo inayobeba jeneza.

Hata hivyo kamba ya mlimani haijakatika. Kijana wa Shirimatunda akitaka kufunga ndoa huombwa cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, nacho hutoka parokia alikobatizwa, labda Kibosho, labda Rombo. Ndoa ikishafungwa, taarifa hurudishwa huko ikaandikwe kando ya jina lake katika daftari lile lile. Ndiyo maana kigango kinapopandishwa hadhi kuwa parokia, hatua ambayo askofu peke yake ana mamlaka ya kuichukua baada ya kusikiliza baraza la mapadre, madaftari ya zamani hubaki parokia mama. Parokia mpya huanza na ukurasa mtupu.

Mabadiliko ya namna hiyo yataendelea, maana mji haujaacha kukua. Naona ni haki yaitwe matunda ya jubilei sawa na misa kubwa ya uwanjani. Waumini wengi bado wanachangia kanisa la nyumbani kuliko la mtaani wanakolea watoto wao. Nalielewa penzi hilo, ila watoto hao watabatizwa na kupokea kipaimara huku chini, na padre wao anahitaji nyumba ya kuishi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya Machi 2028 mtafute mzee aliyekuwepo jumuiya yenu ilipoanza. Andika majina ya makatekista, ya nyumba zilizopokea ibada za kwanza, ya aliyetoa kiwanja. Peleka nakala ofisi ya parokia, ubaki nayo nyingine.