Mali kauli: noti ya Twain, joho la Keller na paa wa Unguja

Katika mtaa wa Portland Place, London, kijana ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana anaikodolea macho pea iliyotupwa mtaroni. Mtoto aliyekuwa akivutwa mkono na yaya ameing'ata mara moja tu. Kila kijana anapotaka kuinama, anatokea mpita njia, naye anajitia kutazama kwingine. Huko Uswisi, siku ya Novemba, fundi cherehani anatembea barabarani akizungusha kastabini mfukoni, maana hana hata sarafu moja ya kuchezea. Na katika kisa cha Unguja, maskini anachakura jaani kama kuku, akitafuta punje za mtama.

Wa kwanza ni Henry Adams, karani kutoka San Francisco, katika hadithi fupi ya Mark Twain kuhusu noti ya pauni milioni moja, iliyotoka katika jarida la Century Januari 1893. Wa pili ni Wenzel Strapinski, aliyebuniwa na Gottfried Keller mwaka 1874. Wa tatu ndiye atakayekuja kuitwa Sultani Darai, katika hadithi ambayo Edward Steere aliipokea kwa wasimuliaji wa Zanzibar na kuichapisha London mwaka 1870. Wote watatu wanalala mafukara na kuamka watu wakubwa, na hakuna hata mmoja aliyechuma utajiri huo kwa jasho.

Wafanyabiashara wetu wana neno linalowaeleza vizuri: mali kauli, yaani bidhaa unayochukua bila kutoa fedha, kwa neno lako tu kwamba utalipa. Mimi nazisoma hadithi hizi zote kama hadithi za mali kauli. Tofauti zake zinaonekana ukiuliza mambo mawili: kauli ilikuwa ya nani, na nani aliitimiza?

Kwa Twain, kauli imechapwa kwenye karatasi, kwa kuwa noti ya Benki ya Uingereza yenyewe ni ahadi ya kumlipa aliyeishika. Ndugu wawili matajiri wamewekeana dau la pauni 20,000. Mmoja anashikilia kwamba maskini mwaminifu akipewa noti ya milioni atakufa njaa, kwa sababu hataweza kuivunja, na akiipeleka benki atakamatwa. Mwenzake anasema ataishi nayo siku 30 bila kufungwa. Adams anakula katika mgahawa wa Harris, kisha anatoa noti. Kila mwenye duka amewahi kusema "sina chenji", na kwa kawaida neno hilo humfukuza mteja. Harris, kinyume chake, anamsihi mteja aende zake kwa amani na arudi wakati wowote apendao. Kwenye duka la nguo, muuzaji aliyempeleka chumba cha nyuma kwenye suti zilizokataliwa na wenyewe anagandishwa na ile noti, tabasamu likiwa bado usoni. Mwenye duka anakuja mbio, anampima mwenyewe, na malipo yanaweza kusubiri hata milele. Kicheko chote cha Twain kimo humo: noti isiyovunjika ina nguvu kuliko ile inayovunjika, kwa kuwa haitumiki, inaaminiwa tu.

Keller anaanza na kitambaa. Strapinski hana noti, ila ana joho la kijivu lililotiwa bitana ya mahameli nyeusi. Mwendesha gari tupu la kifahari anampa lifti, na walipofika mji wa Goldach anawaambia watu wa hoteli, kwa mzaha, kwamba huyu ni mwana wa ukoo bora kutoka Poland. Fundi anaona haya hata hawezi kukanusha. Anapoletewa samaki, anaogopa hata kumgusa kwa kisu. Mpishi anafurahi: huyu kweli ni bwana, anajua samaki laini haliwi kwa kukatwakatwa. Woga wa maskini umesomwa kuwa adabu ya mkubwa. Hapa kauli ni ya mtu mwingine, na Strapinski aliitia muhuri kwa kunyamaza.

Tofauti hii ni kubwa. Adams anazungumza sana na hadanganyi: noti ni halisi, na anampasulia Portia, binti anayempenda, ukweli wote usiku ule ule waliokutana. Strapinski hasemi neno, na ukimya wake unamzamisha kila siku. Ndiyo maana Keller anamvua nguo mbele za watu. Katika sherehe ya magari ya theluji, watu wa mji jirani wa Seldwyla wanaigiza jinsi fundi anavyoshona joho na kugeuka bwana, na mchumba wake Nettchen anatazama yote. Strapinski anakimbilia kwenye theluji. Nettchen anamfuata, anamkuta karibu kuganda, anamhoji, anasikia ukweli, na baada ya hapo anamchagua kwa hiari yake. Mwisho Strapinski ni mshonaji na mfanyabiashara mwenye duka la vitambaa. Keller, ambaye kwa miaka 15 alikuwa katibu wa serikali ya jimbo la Zürich, anamrudishia fundi wake hadhi kwa mlango wa kazi: kastabini iliyokuwa ishara ya ufukara inakuwa chombo cha riziki.

Mashariki ya hapo kuna Nasreddin Hoja, mcheshi wa Waturuki ambaye kaburi lake huonyeshwa Akşehir, ndugu wa Abunuwasi tunayemjua huku pwani. Anaingia karamuni na nguo za kila siku, hakuna anayemtazama. Anarudi nyumbani, anavaa koti la manyoya, anaketishwa mahali pa heshima. Ndipo anapochovya mkono wa koti ndani ya chakula na kuliambia lile, maana lililoalikwa ni koti. Kisa ni kifupi, lakini kinafanya jambo ambalo Twain na Keller hawalifanyi: aliyevaa ndiye anayewafichua waliomheshimu, papo hapo, mbele ya sinia. Twain naye ana karamu yake, nyumbani kwa balozi wa Marekani, ambamo wageni wanashindwa kukubaliana nani mkubwa zaidi, na chakula kinaachwa mezani. Wanaishia kula dagaa wa kopo na tunda moja moja la stroberi, wakiwa wamesimama. Kwa Hoja, cheo kinalishwa nguo. Kwa Twain, cheo kinawanyima chakula hata wenyewe.

Hadithi ya Unguja inakwenda mbali kuliko hizi, na mimi naona ndiyo yenye uchungu zaidi. Maskini anaokota thumuni jaani, anamnunua paa. Paa anazungumza, kwa hiyo kauli ni yake. Anaokota almasi, na badala ya kumpa bwana wake aile, anaipeleka kwa sultani wa mbali kama posa kutoka kwa Sultani Darai, mtu ambaye hayupo. Siku ya safari anamwosha bwana wake, anamsugua kwa mchanga, kisha anakimbia kueleza kwamba wamevamiwa na wanyang'anyi na bwana ameachwa uchi. Farasi na mavazi yanaletwa. Paa peke yake anamuua nyoka wa vichwa saba na kumkabidhi bwana wake jumba la nyoka huyo. Mpaka hapo tunacheka kama tunavyocheka kwa Twain: ufalme mzima umejengwa kwa maneno ya mnyama mdogo.

Kisha paa anaugua, na bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama mwekundu, nafaka ambayo mke wake anasema hata farasi haili. Mke anapomlaumu, anajibu kwamba paa huyu alimnunua kwa thumuni tu.

Jibu hilo nalipima na hesabu za Adams. Huyu naye anahesabu kila siku. Amekadiria mshahara ambao huenda mmoja wa wale ndugu matajiri atampa, na anachunga madeni yake yasiupite mshahara huo. Kwa hiyo wote wawili ni watu wa hesabu, ila Adams anaandika anachodaiwa, na Darai anakumbuka alicholipa tu. Adams siku ya mwisho anairudisha noti ikiwa nzima, na ana pauni 200,000 zake mwenyewe, alizopata kwa kumdhamini rafiki katika mauzo ya mgodi. Darai anaamuru paa atupwe kisimani. Hadithi inamaliza kwa ndoto: mke anaota yuko kwao na anaamka yuko kwao, mume anaota yuko jaani akichakura na anaamka yuko jaani. Aliyempikia paa mtama amerudishwa kwenye mtama.

Kila jamii imechagua mahali pa kukusanyia deni. Kwa Twain ni sokoni, na yeye alilijua soko hilo: kampuni yake ya kuchapisha vitabu ilifilisika Aprili 1894, miezi 15 tu baada ya hadithi kutoka, naye akazunguka dunia akihutubia watu mpaka kufikia 1898 akawa amewalipa wadai wake wote. Kwa Keller deni linakusanywa mjini, mahali ambapo majirani wanajuana, na linalipwa kwa ukweli na kazi. Kwa Hoja mdaiwa ni mwenyeji, ambaye ana deni la utu kwa kila mgeni, awe na koti au asiwe nalo. Kwa wasimuliaji wa Unguja linakusanywa nyumbani, kwa yule aliyekubeba wakati huna jina.

Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna hata moja ya hadithi hizi inayokataa hilo. Walichopewa Adams, Strapinski na Darai hawakustahili, na wasimuliaji wao hawakuwalaumu kwa kukipokea, kwani hakuna anayelaumiwa kwa kuwa na njaa. Kilichopimwa ni siku ya malipo. Adams alifika na noti mkononi, Strapinski alifika na ukweli mdomoni. Darai alifika na bakuli la uji.