Kura ya Kwanza ya Tanganyika

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni miaka hii: 1954, 1958, 1960. Mkisha kuinakili, wekeni kalamu chini msikilize.

Wako watu wasemao kwamba mambo ya utawala ni kazi ya wazee, na kijana angoje mvi. Haya, tutazame.

Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Rais wake, Bwana Julius Nyerere, alikuwa na umri wa miaka 32. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma, alikuwa hajatimiza miaka 30 alipoanza kuwakusanya akina mama wa mjini waingie chamani. Hao walikuwa wazee gani?

Tena kulikuwa na sababu. Tangu mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kuingia katika vyama vya siasa. Karani aliyekuwa na mke na watoto aliogopa kufukuzwa kazi. Basi mzigo uliwaangukia wale wasiokula mshahara wa serikali: wachuuzi, madereva, wakulima, akina mama, na vijana. Vijana walikuwa na umoja wao ndani ya chama, ulioitwa TANU Youth League.

Sasa tufike mwaka 1958. Serikali ilitangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Lakini sikilizeni masharti yake. Mpiga kura sharti awe ametimiza miaka 21. Tena awe na pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au awe amesoma mpaka darasa la nane, au awe na cheo fulani. Zaidi ya hayo, kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akiacha mmoja, kura yake imeharibika.

Fikirini nyumba moja ya wakati ule. Baba ni mkulima, watu wote humwendea kwa shauri, lakini hana shilingi 3,000 wala hajui kusoma. Hana kura. Mama hana kura. Mtoto wao wa miaka 22 amemaliza darasa la nane. Huyo anayo! Mdogo wake wa miaka 18 hana, hata kama amesoma sana.

Wanachama wengi walikasirika, wakataka uchaguzi ule ususwe. Januari 1958 wajumbe walikutana Tabora, wakabishana vikali. Bwana Nyerere aliwaomba waingie katika uchaguzi pamoja na ubaya wake, kwa kuwa wakisusa, viti vitachukuliwa na wapinzani wao. Walikubali. Uamuzi huo huitwa Uamuzi wa Busara. Bwana Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaanzisha chama chake. Mimi naona hasira yake ilikuwa na haki, ila njia ya Tabora ndiyo iliyofungua mlango.

Waliojiandikisha hawakufika 60,000 katika nchi nzima. Hata hivyo watu wa TANU na wale waliowaunga mkono walishinda.

Mwaka 1960 masharti yalilegezwa. Pato lilishushwa hadi shilingi 1,500. Na hapa ninyi wa darasa hili tegeni masikio: mtu aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili aliruhusiwa kupiga kura, hata kama hana fedha. Waliojiandikisha walizidi 800,000. TANU ilipata viti 70 kati ya 71. (Ajabu ni kwamba wengi wao hawakuliona sanduku la kura, kwa sababu viti 58 havikuwa na mshindani.) Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru.

Leo katika Tanzania raia hupiga kura akitimiza miaka 18, awe amesoma au hakusoma, awe na fedha au hana. Yule mdogo wa miaka 18 tuliyemtaja angekuwa na kura yake. Akifika miaka 21 aweza hata kugombea ubunge, lakini hapo Katiba bado yadai ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza.

Mwalimu, sasa zima redio. Kila mmoja aandike majina ya watu wa nyumbani kwake, vijana kwa wazee, na mbele ya kila jina aandike kama mtu huyo angepata kura mwaka 1958 au angeikosa.