Namba Ndogo, Herufi Kubwa

Miaka ya tisini na mwanzo wa elfu mbili, mtu akisema "VX imepita hapa," hakuna aliyeuliza ni gari gani. Ulijua ni Land Cruiser, ulijua vioo vyake ni vyeusi, na ulijua aliyeketi nyuma si mwalimu wa shule ya msingi. Baada ya uhuru watu walikuwa wameshatunga jina Wabenzi kwa wakubwa waliotamba na Mercedes-Benz. Kizazi kilichofuata cha wakubwa kikahamia kwenye gari refu zaidi, na ng'ambo ya Namanga Watanzania wakalibatiza shangingi.

Lakini VX haijawahi kuwa jina la gari. Ni daraja. Toyota ilipotoa Land Cruiser ya 80 mwaka wa 1989, iliiuza kwa ngazi, kuanzia ile ya kazi isiyo na mbwembwe hadi VX na VX Limited. Umbo ni lilelile. Ukipanda ngazi, kinachoongezeka zaidi ni starehe. Sisi tukachukua herufi mbili za orodha ya bei tukazifanya jina la tabaka. Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, alisoma bajeti na kutangaza kwamba magari ya maafisa wa serikali yasizidi injini ya 1800cc. Zikaletwa Volkswagen Passat, na kuna mawaziri waliosita kurudisha funguo za magari makubwa. Watu wazima, na mishahara yao, wanang'ang'ania herufi mbili!

Niliacha chuo mwaka wa pili nikisoma historia. Kitu kimoja nilichotoka nacho ni mazoea ya kuihoji hati: nani alikuandika, na alitaka niamini nini? Sijaona mahali panapohitaji swali hilo kuliko yadi ya magari. Pale kuna hati mbili zinazosomwa na kila mtu. Ya kwanza ni namba iliyo kwenye dashibodi, kilomita ambazo gari limetembea. Ya pili ni herufi zilizobandikwa mlango wa nyuma. Bei yote hupangwa kati ya hizo mbili, na mnunuzi mwenye mfuko mdogo huambiwa achague: kilomita chache na gari la kawaida, au kilomita nyingi na gari la ngozi na sanrufu.

Namba ni hati ya zamani sana. Mhandisi Mroma Vitruvius, karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza gari la kukokotwa lenye magurudumu ya meno ndani yake. Kila maili ikiisha, kijiwe kimoja kilidondoka kwenye chombo. Mwisho wa safari unahesabu vijiwe. Ni akili nzuri, lakini fikiria: ukitaka kupunguza safari, unatoa vijiwe viwili vitatu unatupa. Odomita za magari ya zamani zilikuwa na tarakimu tano tu, kwa hiyo baada ya 99,999 gari lilizaliwa upya likiwa na sifuri. Za leo ni za kielektroniki, na mtu mwenye kifaa kinachofaa huzirudisha nyuma bila kufungua hata skrubu moja.

Tuseme basi hakuna aliyechezea chochote. Bado namba hiyo ina matatizo. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, ilikuwa chombo cha shamba. Bodi ilikuwa ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa haba baada ya vita. Mkulima angeweza kuliegesha, akaunganisha injini yake na msumeno au pampu ya maji, ikanguruma kutwa. Jioni odomita ingesoma vilevile kama asubuhi. Ndiyo maana trekta huhesabiwa kwa saa, sio kilomita. Sasa hamisha hesabu hiyo hadi Mombasa Road saa kumi na mbili jioni, injini inawaka, kiyoyozi kinavuma, na gari limesogea mita mia mbili. Kilomita hazikuongezeka, lakini injini imezeeka.

Herufi nazo zina historia yake, na inaanza mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka wa 1949, mwaka mmoja tu baada ya ile ya shamba, ilitoka Land Rover yenye bodi ya Tickford: viti saba, ngozi, hita. Hilo ndilo lilikuwa daraja la juu la kwanza. Shida ni kwamba serikali ya Uingereza iliitoza kodi ya mauzo, tofauti na ile ya shamba, na bei ikaruka. Haikufika 700 zilizouzwa. Hata Range Rover, ambayo leo ni gari la kujionyesha, ilianza mwaka wa 1970 ikiwa na viti vya plastiki na sakafu unayoweza kuosha kwa mpira wa maji. Ngozi na mbao zilikuja baadaye, wanunuzi wa mjini walipojitokeza. Toyota ilipita njia hiyohiyo. Land Cruiser ya 70, ambayo polisi wetu huzitumia hadi leo, ilizaa tawi laini lenye springi za koili, na mwaka wa 1990 tawi hilo likaitwa Prado. Huko Japani, Prado ya 150 nayo ikapangwa ngazi: TX ya kitambaa, TX-L ya ngozi, na TZ-G yenye suspensheni ya hewa nyuma.

Hizi Prado zilitufikiaje? Uchumi ulipofunguliwa miaka ya tisini, mitumba ya Japani ikafurika Mombasa na viwanda vya kuunganisha magari vya hapa vikabaki vinahema. Mwaka wa 2000 kikaja kiwango cha KS 1515: gari linaloingia lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Angalia serikali ilichagua nini. Ilichagua umri. KRA nayo ikikokotoa ushuru huanza na bei ya modeli hiyo ikiwa mpya, kisha hupunguza kulingana na miaka. Ukileta gari la daraja la juu, unalipia daraja hilo hapo bandarini, kama wale wa Tickford. Kilomita haziingii kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo mzigo wa kuzihakiki umeachiwa wewe, buda, pale yadini.

Mwaka jana mzigo huo ulifika kwetu. Binamu yangu alitaka gari la kubeba watalii, na Sacco ilikubali kumkopesha. Mdhamini wake mkuu alikuwa mama yake, yaani shangazi yangu, kwa akiba ya miaka kumi na tisa ya kuuza nguo. Gari likikataa kufanya kazi, akiba hiyo ndiyo ingekatwa. Yadi ilikuwa na Prado mbili za 2017, bei karibu sawa: TX yenye kilomita 61,000, na TZ-G yenye 148,000.

"Mgeni anayelipa dola anataka ngozi," binamu alisema.

"Mimi najua kusoma namba," shangazi akajibu. "Hiyo ya sitini bado ni mbichi."

Kwa heshima ya shangazi tulianza na ile mbichi. Mpira wa pedeli ya breki ulikuwa umelainika kama sabuni. Usukani unang'aa. Ubavu wa kiti cha dereva umelala. Namba ilisema kijana, pedeli zikasema mzee. Tuliomba cheti cha kutoka Japani. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miwili, na tangu 2004 usomaji wa odomita huandikwa kwenye cheti cha ukaguzi. Cheti cha kuuza nje nacho hubeba namba hiyo. Muuzaji akasema karatasi ziko Mombasa. Zikabaki huko Mombasa.

TZ-G ilikuwa na karatasi zote na namba zilipanda kwa mpangilio, mwaka baada ya mwaka. Hiyo ilikuwa hati ya kweli. Ila nyuma ilikuwa imeinama kidogo upande mmoja. Fundi wetu alilala chini, akatoka akijifuta mikono: mfuko wa hewa unavuja. Mpira huzeeka kwa miaka hata gari likilala gereji, na kila starehe iliyoongezwa kiwandani ni kifaa kimoja zaidi kitakachodai kubadilishwa. Mnunuzi wa kwanza kule Japani alilipia raha. Mnunuzi wa tatu hapa Nairobi hulipia matengenezo ya raha hiyo, na ya mkopo.

Hatukuchukua yoyote. Wiki tatu baadaye, kwenye yadi nyingine, tulipata TX ya kitambaa yenye kilomita 131,000. Ilikuwa imekaa muda mrefu kwa sababu watu husoma "mia na" wanageuka. Cheti cha Japani kilikuwepo, kitabu cha sevisi kilikuwepo, na pedeli zilikubaliana na namba. Bei ilikuwa chini ya zile mbili kwa laki nne. Shangazi hakufurahia ile namba, na binamu hakufurahia kile kitambaa. Zile laki nne zilinunua matairi, bushi na shoki mpya, na zilizobaki zikaingia kwenye mkopo.

Sisemi kila mtu anunue gari la kilomita nyingi. Nasema soko letu limefunzwa kulipia vitu viwili, namba ndogo na herufi kubwa. Hiyo ya kwanza ni rahisi kughushi kwa sababu kila mtu anaitaka. Ya pili tuliifundishwa na watu waliokuwa wakiendeshwa kwa mafuta ya serikali, ambao suspensheni ikivuja bili haikuwa yao. Kama gari ni la kukulisha, mambo ya kuuliza ni mengine: nani anaweza kuthibitisha kilomita hizi, zilikuwa za barabara au za foleni, na vifaa vyote hivi vikizeeka, nani atavilipia? Kwenye Sacco jibu la hilo la mwisho huwa limeandikwa kwa jina, juu ya mstari wa mdhamini.