Between: mbili iliyo ndani ya neno

Walimu wengi wa Kiingereza hukataza between kwa vitu zaidi ya viwili, kwa kuwa sehemu yake ya pili ni ndugu wa two. Asili hiyo ni kweli, lakini katazo halina msingi. Tangu Kiingereza cha Kale neno hili limetumika hata kwa vitatu na zaidi. Tofauti yake na among, lililotokana na kuwa ndani ya mchanganyiko, si ya hesabu. Mkataba wa 1999 wa Kenya, Uganda na Tanzania ni between, maana kila nchi inafungamana na kila mwenzake. Aliyepotelea sokoni yuko among. Mtu atasema asili iheshimiwe. Septemba nayo ina saba ya Kilatini ndani yake, na ni mwezi wa tisa.