Litowa: Nani Mwenye Shule ya Kijiji?

Kila matokeo ya mtihani wa darasa la saba yanapotangazwa, mjadala juu ya shule za vijijini hufuata njia ileile. Huhesabiwa waliofaulu na walioanguka, hutajwa upungufu wa walimu, madawati na vitabu, kisha lawama hugawanywa: mwalimu mvivu, mzazi asiyejali, mtoto mtoro. Hatusemi kwamba mambo hayo si ya kweli. Lakini kada aliyefunzwa kuchambua jamii hawezi kuridhika na kutazama matunda bila kuutazama mti. Liko swali linalotangulia, nalo ni la mamlaka. Nani anaamua mambo ya shule ya kijiji? Nani anapanga kazi zake, anashika fedha zake, na mwalimu akiharibu anawajibika mbele ya nani?

Katika historia ya nchi yetu swali hili liliwahi kujibiwa na wakulima wenyewe, mahali padogo, kwa muda mfupi. Mahali hapo ni Litowa, wilaya ya Songea. Tunaona inafaa makada na wanafunzi waichunguze habari hii kwa makini, pamoja na sehemu zake zisizopendeza kusimuliwa.

Tukumbuke kwanza hali tuliyoirithi. Mkoloni hakutujengea elimu ya taifa. Alijenga shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na hizo za Waafrika kwa sehemu kubwa aliwaachia wamisheni. Kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1962 ubaguzi wa rangi ulifutwa shuleni, na halmashauri za wilaya zikapewa madaraka ya elimu ya msingi katika maeneo yao. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo shule nyingi zilibaki chini ya misheni, na katika sehemu kama Songea, ambako Wabenediktini wa Peramiho walikuwa na mizizi mirefu, mwanakijiji aliendelea kuiona shule kuwa mali ya padri au mali ya serikali. Alipeleka mtoto, alitoa ada, akaitwa kufyeka uwanja. Kuulizwa maoni lilikuwa jambo jingine.

Vijana wa TANU Youth League wa sehemu hizo, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda Litowa mwaka 1960 kuanzisha shamba la pamoja. Jaribio la kwanza halikudumu. Wakarudi tena mwaka 1961 na safari hii wakakaa. Vijiji vingine vikafuata mfano wao, na mwaka 1963 ukaundwa umoja uliojulikana kwa jina la Ruvuma Development Association, yaani RDA. Mshauri wake alikuwa Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi katika shamba la ushirika la St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, naye alikaa Litowa pamoja na jamaa yake. Kufikia mwaka 1969 umoja huo ulikuwa na vijiji 17. Ulikuwa na kinu cha kusaga nafaka na kiwanda cha kupasua mbao. Hakuna kijiji kilicholazimishwa kuingia.

Umoja huo ulikuwa na shule yake hapo Litowa, na watoto wa vijiji vingine walikuja kukaa na kusoma hapo. Kwa maneno ya leo tungeweza kusema kwamba vijiji 17 vilikuwa eneo moja dogo la elimu, lenye shule moja na sauti moja. Mwalimu mkuu, Suleman Toroka, aliandika juu ya majaribio hayo mwaka 1968 katika Mbioni, jarida la Chuo cha Kivukoni, na makala yake ingali inafaa kusomwa na kila anayefundisha siasa.

Nini kilikuwa kipya pale? Si jembe. Shule za mkoloni nazo zilikuwa na mashamba, na wazee wetu wanakumbuka jinsi mwanafunzi alivyopelekwa kulima shamba la mwalimu kama adhabu. Kilichokuwa kipya ni kwamba kazi ya mwanafunzi, chakula chake na masomo yake vilikuwa sehemu ya mpango wa watu wale wale waliomzaa. Wanafunzi walilima chakula chao wenyewe na kupanga mengi ya maisha yao ya shule kwa kamati walizozichagua. Walimu walihesabiwa kuwa wanakijiji, wakashika jembe pamoja na wengine. Mtoto alifundishwa hesabu na kusoma kwa mambo aliyoyaona yakifanyika mbele yake, na alipomaliza alijua kwamba kazi inamsubiri katika vijiji vile vile, kwa kuwa vijiji vyenyewe vilikuwa vimekaa na kujiuliza vinahitaji mafundi gani.

Hapo ndipo tunapopata kipimo kingine cha ufanisi wa shule. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, alieleza kwamba mwaka huo ni kiasi cha asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi ambao wangepata nafasi katika shule za sekondari za serikali au zinazosaidiwa nayo. Shule inayopimwa kwa hao 13 pekee imewaandaa 87 kuwa watu walioshindwa. Litowa iliwahesabu wote mia moja. Mwalimu aliifahamu Litowa vizuri, na msomaji wa Elimu ya Kujitegemea na wa Ujamaa Vijijini, iliyotolewa Septemba mwaka huo huo, hapati taabu kuona nyayo za vijiji vya Ruvuma humo.

Basi ingetazamiwa kwamba baada ya Azimio Litowa ingestawi kuliko wakati wowote. Haikuwa hivyo. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kuuvunja umoja wa RDA na kuviweka vijiji vyake moja kwa moja chini ya Chama. Mashine zake zilichukuliwa. Washauri wa kigeni waliondoka. Walimu wa Litowa walihamishwa na kutawanywa katika shule nyingine, na kwa barua za uhamisho tu shule ile ikawa shule kama shule nyingine yoyote.

Ni rahisi leo kuwatupia lawama viongozi wa mkoa wa wakati ule na kumaliza habari. Uchambuzi wa namna hiyo ni dhaifu. Hoja za waliotaka umoja uvunjwe zilikuwa na uzito wake. Chama kilikuwa kimetangaza kwamba ujamaa vijijini ni kazi ya taifa zima, na waraka wa Rais wa Machi 1969 uliviagiza vyombo vyote vya serikali kuhimiza vijiji vya ujamaa. Je, ingefaa vijiji 17 viwe na chombo chao cha pekee, fedha zao na washauri kutoka nje, huku maelfu ya vijiji vingine havina? Tena mwaka huo huo wa 1969 Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu iliyoziweka shule za misheni zilizokuwa zikisaidiwa na serikali chini ya mamlaka ya umma. Sheria hiyo ilikuwa ya haki. Bila hiyo mtoto wa Kiislamu au wa dini za jadi angeendelea kukuta mlango wa shule una sharti la dini. Kwa hiyo mkono uliokomesha ubaguzi wa misheni ulikuwa mkono wa taifa, na taifa lilikuwa na haki ya kuunyosha.

Lakini ukinzani uko hapa. Misheni ilinyang'anywa shule ili umma uipate. Umma wa Litowa ulikwisha kuwa nayo. Mtumishi wa serikali aliyezoea kupokea amri kutoka juu na kuipeleka chini hakuwa na macho ya kutofautisha shule ya tajiri, shule ya padri na shule ya wakulima waliojitawala. Zote kwake zilikuwa zimekosa kitu kimoja, yaani sahihi yake. Huo ndio urasimu, na urasimu hauwi ujamaa kwa sababu umevaa fulana ya kijani. Miezi 17 baadaye, Februari 1971, TANU ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 28 ilieleza kwamba kazi ya Chama si kuwahimiza wananchi kutekeleza mipango iliyoamuliwa na wataalamu na viongozi wachache. Wataalamu na viongozi ndio watekeleze ile iliyoamuliwa na wananchi. Kwa wakulima wa Litowa maneno hayo mazuri yalikuja yakiwa yamechelewa.

Yaliyofuata tutayapita kwa haraka, maana yanajulikana zaidi. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa jina la Madaraka Mikoani, na madaraka yakaishia kwa watumishi wa mkoa na wilaya. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba kufikia Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe shuleni. Sheria ya Vijiji ya 1975 iliipa kila serikali ya kijiji kamati ya elimu, na sheria ya mwaka 1978 ikafanya kuhudhuria shule kuwa lazima. Wananchi walifyatua matofali, vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu wakiwa vijijini, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka milioni 1.2 hivi mwaka 1974 hadi kupita milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Asiyeliheshimu jambo hilo hajui lilivyokuwa gumu kwa nchi maskini.

Ila mamlaka ya shule hayakuteremka pamoja na wajibu. Kamati ya kijiji iliulizwa matofali mangapi, si mwalimu gani wala masomo yapi. Uchumi ulipoyumba na ada kurudishwa mwaka 1984, kijiji kilichozoea kuitwa kutoa hakikuwa na mazoea ya kuamua, kwa hiyo hakikuwa na cha kutetea. Halmashauri za wilaya zilirudi mwaka huo huo kwa sheria ya 1982, lakini zilirudi na mikono mitupu. Mwaka 2000 ni watoto kama sita tu katika kila kumi wa umri wa shule waliokuwa wameandikishwa.

Mpango wa MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa mwaka 2001, unahitaji kutazamwa kwa jicho la Litowa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu fedha zilipelekwa katika akaunti za shule zenyewe, na kamati za shule zikapewa kazi ya kupanga na kusimamia ujenzi na ununuzi. Waliofaulu darasa la saba, waliokuwa kiasi cha asilimia 22 mwaka 2000, wakafikia kiasi cha asilimia 62 mwaka 2005. Sababu zilikuwa nyingi na hatutaki kudai kwamba kamati peke yake ilileta hayo. Lakini fedha hizo zilipoanza kupungua na kuchelewa, kamati nyingi zikarudi kuwa wasikilizaji, na mwaka 2012 waliofaulu walikuwa asilimia 31 tu. Januari 2016 elimu ilifanywa bila malipo hadi kidato cha nne, na ruzuku huenda moja kwa moja shuleni. Wazazi wengi waliielewa habari hiyo kuwa ni kusema shule si yao tena; michango ya chakula cha mchana ikasimama mahali pengi. Tuwalaumu kwa haraka? Mtu aliyekuwa akiitwa kutoa tu, akiambiwa asitoe, ataitwa kwa lipi?

Katika madarasa ya siasa tunawapa wanafunzi wetu zoezi moja. Kila mmoja arudi kwao, aombe kuona kitabu cha kumbukumbu za vikao vya kamati ya shule, na achore safu mbili: upande mmoja yaliyoletwa kuwa taarifa, upande wa pili yaliyoamuliwa na kikao chenyewe. Safu ya kwanza hujaza kurasa. Ya pili mara nyingi huwa na tarehe ya kufunga shule, jina la mlinzi, na shamba la mahindi.