Umemaliza fomu foo na unataka kusomea media hapa Chuga? Soma hii kwanza

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka simu yangu inajaa meseji za wadogo zangu wa Usa River, Sanawari na Ngaramtoni. Swali ni lile lile: "Kaka, nimepata divisheni foo, nataka kusomea media, niende chuo gani?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote hapa.

Kabla ya chuo, jiulize unataka kazi gani. Neno "media" watu wanalitumia kwa mambo mawili ambayo sheria inayaangalia tofauti kabisa. Kuna kazi ya habari: kuripoti, kusoma taarifa redioni, kupigia gazeti picha. Na kuna kazi ya picha na michoro kwa wateja: kudizaini, kupiga picha za shughuli, kuediti video, kuchora mabango.

Ukitaka ya kwanza, cheti si hiari. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake za 2017 ziliweka diploma kuwa kiwango cha chini cha elimu. Watu waliokuwa na miaka kumi redioni wakaambiwa warudi darasani. Wengine walilia, wengine walirudi kweli. Na usidhani ukifungua TV yako ya mtandaoni umekwepa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilileta leseni ya TCRA, na mwanzoni ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka ilikuwa inapita milioni 2. Kanuni ziliandikwa upya 2020 zikarekebishwa tena 2022, kwa hiyo usimwamini mtu anayekutajia masharti ya zamani. Nenda kaulize TCRA wenyewe.

Sasa njia ya kufika kwenye diploma. Kwa aliyemaliza kidato cha nne mlango ni ufaulu wa masomo manne, yaani D nne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Hapo ndipo wengi wanaumia, maana dini ndiyo waliyofaulu vizuri! Ukiwa nazo unaanza ngazi ya 4 (cheti cha awali), unapanda ya 5, halafu ya 6 ambayo ndiyo diploma. Kila ngazi ni mwaka, jumla mitatu. Ukitaka digrii baadaye, diploma yako iwe na GPA isiyopungua 3.0.

Hapa naomba nisimulie yaliyonikuta mimi. Nilipomaliza shule nililipa ada kwenye chuo kimoja ghorofani katikati ya mji, jina naliacha. Kulikuwa na bango zuri, kamera moja na mwalimu mmoja mchangamfu. Mama aliuza ng'ombe. Nikasoma karibu mwaka mzima, nikaja kugundua kwamba kozi yenyewe haikusajiliwa. Cheti nilichopewa kina muhuri na nembo, ila ukikipeleka popote unaulizwa, "Hiki ni nini?" Ng'ombe hakurudi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, ingia tovuti ya NACTVET, ile iliyokuwa ikiitwa NACTE. Kila mwaka wanatoa mwongozo wa udahili wenye majina ya vyuo, kozi, ada na idadi ya nafasi. Tafuta vitu viwili: namba ya usajili ya chuo, na KOZI yenyewe unayoitaka. Chuo kinaweza kusajiliwa kwa biashara halafu kikakuuzia uandishi wa habari. Na kumbuka, mwenye diploma anayeomba chuo kikuu hutakiwa kuwa na namba ya uhakiki, AVN, inayotoka huko huko NACTVET. Kozi isiyotambulika haikupi namba hiyo hata uwe umepata A tupu.

Vyuo vya kuanzia kuuliza hapa kwetu: mjini kuna Arusha Journalism Training College, upande wa Ngaramtoni kuna Habari Maalum, na Njiro kuna Chuo cha Uhasibu (IAA). Jina la IAA lisikutishe, siku hizi wana kozi za media za kisasa pia. Ukifika usiulize ada tu. Uliza wanafunzi wangapi wanashika kamera moja, na mafunzo ya vitendo wanapelekwa wapi. Chuo ambacho hakina jibu la swali la pili, aga uondoke. Ukipenda zaidi sanaa, filamu na jukwaa, kuna TaSUBa kule Bagamoyo, chuo cha serikali kilichoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa.

Mikopo? Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa diploma mwaka wa masomo 2023/24, ila kwa fani za kipaumbele kama afya, madini na kilimo. Uandishi haukuwamo katika zile za mwanzo. Yaani andaa ng'ombe.

Njia ya pili ni ya mkono. Mfano mzuri uko chini ya Meru, kijiji cha Imbaseni karibu na Maji ya Chai. Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther kule Kansas City, na mkewe Charlotte, ndiyo Mama C tunayemjua wote, walianzisha pale kituo cha UAACC mwaka 1991. Kwa miaka mingi vijana wa kijijini wamesoma pale bure: Kiingereza, kompyuta, sanaa, muziki. Kuta zenyewe zimejaa michoro. Hakuna diploma ya ngazi ya 6 pale, lakini chalii anatoka anajua kushika brashi na kipaza sauti, na haogopi kompyuta. Mwaka 2004 ilitoka filamu kuhusu maisha ya mzee, A Panther in Africa. Itafute, utaona kijiji chetu.

Na kazi ya mkono Arusha ipo jamani. Kampuni za utalii zinahitaji tovuti, brosha na picha mwaka mzima. Desemba ni kipaimara kila kona, na hakuna familia ya Meru inayokubali kipaimara bila video. Kuna mahafali, send-off, fulana za kampeni, mabango ya saluni. Rafiki yangu wa Kijenge alianza kwenye steshenari, anachapa kadi za mwaliko. Bosi alipokuwa anatoka kula yeye anafungua Photoshop. Leo anadizaini nembo za kampuni za safari na mimi namkopa hela.

Wewe uliye bado shule, usisubiri. Kama shule yako inafundisha Sanaa, ichukue, ni somo la mtihani kama mengine, japo shule zenyewe ni za kuhesabu. Tangu Januari 2024 kuna mtaala mpya wenye mkondo wa amali kuanzia kidato cha kwanza, kwa hiyo wenye wadogo wanaoingia sekondari waulize shule yao imeandikishwa fani gani. Shule nyingi bado hazina huo mkondo.

Na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia: tunza kazi zako. Picha kumi nzuri, kadi mbili ulizodizaini, video ya dakika moja, ziweke kwenye flashi na mtandaoni pia. Mwenye kampuni ya safari hataki kuona matokeo yako ya NECTA. Mhariri wa redio yeye atataka vyote viwili.

Anayejua chuo kingine chenye usajili mkoani kwetu aandike hapo chini, pamoja na namba ya usajili. Bila namba siweki.